Pua ya Cheptanui

Watu wa Free Area, mtaa wa Nakuru, walikuwa wakimpelekea Cheptanui maembe jinsi watu wengine wanavyompelekea fundi redio iliyonyamaza. Ungefika kibandani kwake na embe aina ya ngowe uliyonunua kwingine, tena kwa aibu kidogo kwa kuwa hukununua kwake, naye angeipokea bila maneno. Angeigeuza kichwa chini, akaweka kikonyo karibu na pua, akafumba macho. "Hii ni ya kesho kutwa," angesema akikurudishia. "Ukiikata leo utanikumbuka." Na kweli, waliokata mapema walimkumbuka, midomo imewakunjamana kwa ukali wa embe bichi.

Alikuwa mtu wa ngowe na hakuuficha upendeleo wake. Embe la apple, lile la mviringo lenye shavu jekundu, aliliuza kwa sababu watu wanalitaka, lakini alisema ni embe la kupigwa picha. Dodo aliliweka kwa ajili ya juisi, maana nyuzi zake hukaa katikati ya meno mpaka kesho yake. Ngowe ndiyo iliyokuwa kwao. Alizaliwa kule chini bonde la Kerio, nyumba ya mama yake ikiwa imezungukwa na miti ya ngowe, na alijua embe lenye mwili mrefu na ncha iliyopinda kabla hajajua kusoma. Nyama yake ni ya rangi ya chungwa iliyokolea, haina nyuzi, na kokwa yake ni nyembamba. Ikiwa mbichi, akina mama wa Kihindi wa mjini waliichukua kwa kreti wakatengeneze achari, na wanafunzi waliila na chumvi na pilipili. Ikiwa mbivu, mtu mwenye akili timamu aliila akiwa ameinama, shati lisiharibike.

Lakini ngowe ni embe janja. Inaweza kubaki kijani mgongoni na huku ndani imekwisha kuwa asali, na inaweza kugeuka manjano mwili mzima huku karibu na kokwa ingali nyeupe na kali. Jicho linadanganyika kwa ngowe mchana kweupe. Mama yake alimfundisha kunusa kikonyo, hapo mahali embe lilipoachana na mti, na hiyo ndiyo elimu aliyokuja nayo Nakuru alipoolewa na Kibii. Kibii alifariki binti yao Jepkemei akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo pua ile ndiyo iliyolisha nyumba.

Nakuru ni baridi kwa maembe. Yakiachwa tu yanalala, hayaivi, yanasinyaa. Kwa hiyo nyuma ya kibanda Cheptanui alikuwa na stoo ya mabati, na humo alipanga ngowe juu ya nyasi kavu, akanyunyiza majivu, akaweka ndizi mbivu katikati, na kila asubuhi akaingiza jiko la makaa lililokwisha kukolea, akafunga mlango joto lienee. Ni kazi ya kungoja. Wenzake wengi walichoka kungoja. Walinunua kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huyatia maji yakatoa gesi inayowaka, wakayafunga kwenye vipande vya gazeti na kuyachomeka kati ya maembe. Kukicha, embe lililoingia kijani linatoka manjano. Linatoka pia na harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza, lakini hewa ya sokoni ina mengi, na kastoma ana haraka.

Cheptanui aliichukia kabaidi waziwazi, na kwa mdomo mchafu. Aliwahi kusimama mbele ya kibanda cha mtu, ng'ambo ya barabara, akamwambia mbele ya wateja wake, "Boss, hiyo kitu nimeisikia nikiwa kwangu. Unauzia watoto ya watu sumu." Yule mtu alihama baada ya wiki chache. Ndiyo maana akina mama walitoka hata Milimani, mtaa wa wenye pesa, kuja kununua kwake. Walijua kwa Cheptanui hakuna dawa, na kama ingekuwepo, yeye angekuwa wa kwanza kuisikia.

Kisha, mwaka juzi, akaugua homa. Homa ya kawaida, ya kulala siku chache na kunywa dawa za dukani. Alipoinuka, aliweka maziwa kwenye jiko la kibandani akageuka kupanga maembe, na kilichomshtua ni sauti ya Achola, muuza samaki wa kibanda cha jirani. "Mama Jepkemei, kwani unachoma nyumba?" Maziwa yalikuwa yamemwagika, sufuria imekuwa nyeusi, moshi umejaa. Yeye alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo na hakusikia harufu yoyote.

Alichukua ngowe akainusa. Akachukua nyingine. Akanusa kitunguu, akanusa mafuta ya taa, akanusa kwapa la blauzi yake. Hakukuwa na kitu. Alijifungia chooni akalia, mkono mdomoni ili Achola asisikie. Alipotoka alikuwa amenawa uso na ameamua kwamba hatamwambia mtu, hata Jepkemei. Niseme wazi kwamba hapo alikosea, na kosa lenyewe ni rahisi kuelewa. Kitu kimoja tu kilimnyima usingizi: siku ambayo watu wa Free Area wangejua kwamba mama huyu ananusa ngowe na hasikii lolote. Angebaki mwanamke wa kawaida mwenye kibanda cha kawaida, na vibanda vya kawaida Free Area vimejaa.

Akawa mwigizaji. Aliletewa embe, akaligeuza, akafumba macho vilevile, na huku kidole gumba kikifanya kazi ya pua, kikibonyeza taratibu karibu na kikonyo. Akifumbua macho alitazama kwanza uso wa mwenye embe, maana uso ule ulikuwa umekwisha kunusa. Mara nyingi alipatia. Alipokosa, watu walicheka wakasema mvua imeharibu maembe.

Msimu huo alikosa kwa Reena. Reena alikuwa mke wa mwenye duka la vitambaa mjini, na kila mwaka familia yake ilichukua ngowe kwa Cheptanui ili wazikamue rojo nzito tamu, waile na chapati nyembamba siku wageni wanapojaa. Cheptanui alimpa kreti mbili na kuapa ni za kesho. Kesho yake nusu zilikuwa ngumu na nusu nyeusi karibu na kokwa. Reena alikuja mwenyewe, hakufoka. "Mama, mwaka huu kuna shida?" aliuliza. "Mama mkwe wangu Madhu alisema hizi si zako. Alisema lazima umenunua kwa mtu." Cheptanui alicheka, akamjazia nyingine bure.

Jepkemei aliyaona hayo yote. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mchapakazi, anayeamka alfajiri kwenda kupokea lori la maembe kutoka Marigat, na kila akirudi aliona foleni ya kibandani imepungua. Alidhani mama anazeeka, amechoka kungoja, anatoa maembe kabla ya wakati. Nyumba ile ilikuwa imejaa upendo na uhaba wa maneno. Msimu uliofuata ulipoanza, alikwenda kwa Hiram, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa nyuma ya kituo cha mafuta, akarudi na mkebe wa kabaidi. Mawe machache aliyafunga kwenye gazeti akayachomeka chini ya nyasi, ndani kabisa. Mkebe wenyewe aliuficha kwenye gunia, kwenye kona ya stoo, nyuma ya kreti za zamani. Cheptanui alikuja kuyajua haya baadaye, wakati hayakuwa na faida tena.

Siku ya kwanza Jepkemei alikaa roho juu. Alijua mama yake anaisikia kabaidi kutoka ng'ambo ya barabara. Alingoja matusi, pengine kofi. Cheptanui aliingia stoo asubuhi, akakaa humo, akatoka na ngowe mbili mkononi, za manjano safi.

"Zimeiva vizuri," Cheptanui alisema. "Zote pamoja. Sijawahi kuona."

Jepkemei alimtazama sana. "Mama, huna kitu ya kuniambia? Juu ya hiyo stoo?"

"Nikuambie nini? Stoo iko sawa."

"Uko sure?"

"Jepkemei, peleka maembe mbele. Watu wanangoja."

Binti alishusha pumzi. Alielewa, au alidhani ameelewa. Mama amesikia, mama anajua, mama amekubali lakini hataki itajwe. Kuanzia siku hiyo hakuogopa tena, na akaongeza mawe.

Cheptanui alifurahi wiki nzima. Kisha furaha ikaanza kumwasha. Ngowe haziivi hivyo. Katika kreti moja huwa kuna ile iliyotangulia na ile inayojivuta, na ndiyo raha ya kazi, kuzichagua. Hizi zilitoka sare, rangi moja, kama zimepakwa. Alizibonyeza zikabonyea. Alikata moja akaionja, lakini ulimi nao ulikuwa umekwenda na pua, ukimwachia utamu wa mbali na ukali wa mbali, basi. Alijiambia ni nyasi nzuri za mwaka huu. Alijiambia mengi.

Na watu wakabadilika. Achola alikigeuza kiti chake kikatazama upande mwingine, na asubuhi moja Cheptanui alimkuta akivuta meza ya samaki, kuisogeza mbali na ukuta wa stoo.

"Achola, kwani samaki wako wananichukia?"

"Hakuna. Ni jua tu, linachoma huku."

"Jua gani, na kuna mawingu?"

Achola alipangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Mama Jepkemei, mimi sisemi kitu. Kila mtu anajua biashara yake."

Mwanamke mmoja wa siku nyingi aliinua ngowe, akairudisha, akamwangalia Cheptanui machoni na kusema kwa upole, "Hata wewe, mathe?" Akaenda zake. Cheptanui alibaki na mfuko wa karatasi mkononi, ameshaufungua. Usiku na mchana aliyarudia maneno hayo. Hata yeye nini? Jibu lililomjia lilikuwa moja tu, lile aliloliogopa: wamejua. Wamejua pua imekufa, na wanamwonea huruma kwa sababu anaigiza. Kwa hiyo kila aliyekunja pua mbele yake, alidhani anamfanyia mzaha, na yeye akajikaza, akaigiza zaidi. Alinusa ngowe kwa kelele. Alisema, "Aah, hii imenukia," watu wakatazamana.

Fikiria hali hiyo. Mtaa mzima unasikia harufu ya kabaidi na unaamini Cheptanui amekuwa mwizi kama wengine. Binti yake anaamini amepewa ruhusa. Yeye mwenyewe anaamini siri yake imevuja. Na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo akalitaja jambo kwa jina lake, eti kwa heshima. Heshima hiyo mimi siwezi kuisifu.

Reena alikuja katikati ya Februari. Alisimama mlangoni mwa stoo, akaweka ncha ya dupatta, mtandio wake wa begani, puani, akarudi nyuma. Kwa muda alionekana kama mtu aliyefika msibani bila kuambiwa nani amefariki.

"Nitarudi, Mama," alisema.

"Chukua hata kidogo, Madhu anapenda."

"Siku nyingine." Alifika kwenye gari akasimama, akageuka. "Mama, uko na shida ya pesa? Ungeniambia."

"Sina shida yoyote," Cheptanui alijibu, na sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka. Reena aliinamisha kichwa, akaingia garini.

Kichwa kilianza kumuuma Cheptanui kila alipokaa stoo. Macho yalimwasha, na mara mbili alishika nguzo kwa kizunguzungu. Alilaumu makaa. Kisha mvua ya Machi ikaanza mapema, mvua ile ya Nakuru inayoshuka kutoka Menengai kwa hasira, na bati la stoo, ambalo misumari yake ilikuwa imelegea, likaanza kuvuja kwenye kona, juu ya kreti za zamani. Cheptanui aliliona doa ukutani. Kila siku lilikuwa limeteremka zaidi.

"Tafuta fundi aje aangalie hiyo bati," alimwambia Jepkemei.

"Nitaambia Hiram."

"Hiram ni wa kuchomelea, si wa mabati."

"Atakuja, Mama. Wacha nimalize na hii lori."

Hiram hakuja. Ilinyesha kutoka jioni mpaka karibu na alfajiri, na maji yakapita katika tundu la msumari, yakafuata ukuta, yakaloanisha gunia, yakaingia kwenye mkebe wa kabaidi. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Madirisha stoo haikuwa nayo, maana joto halipaswi kutoka.

Asubuhi ilikuwa ya baridi na safi, matope kila mahali. Cheptanui alikoleza jiko nje, mbele ya kibanda, akipepea kwa kipande cha boksi. Achola alikuwa akifungua kibanda chake, akasimama ghafla na kufunika pua kwa leso. Kinyozi wa upande wa pili alitoka mlangoni akaangalia huku na huku. Cheptanui aliwaona wote wawili. Leo wanafanya waziwazi, alifikiri, leo hawafichi. Kifua kilimjaa uchungu. Aliamua hatawapa raha ya kumwona ameinamisha kichwa, akalishika jiko kwa mishikio, makaa yamekuwa mekundu, akatembea kuelekea stoo mgongo umenyooka.

Jepkemei alikuwa akitoka barabarani, anatangulia mkokoteni wa maembe. Harufu ilimpiga kabla hajaona kitu. Haikuwa ile ya kila siku, hii ilikuwa inakaba koo. Aliona mama yake amelitua jiko kizingitini, anavuta komeo.

"Mama, wacha hiyo jiko!"

Cheptanui alisikia, akadhani hata huyu sasa anamcheka. Akafungua mlango.

Jepkemei alikuwa ameshakimbia. Alimsukuma mama yake kwa bega, mama akaanguka matopeni kando, naye Jepkemei akainama kulisukuma jiko mbali na mlango. Hakuwahi. Hewa iliyotoka ndani ilikutana na makaa na ikawaka yenyewe, kwa mshindo uliong'oa bati na kuvunja kioo cha kinyozi. Cheptanui alipoinua uso aliona nyasi zinaungua, ngowe zinabiringika kwenye matope zikiwa manjano safi, na binti yake amepiga magoti, mikono usoni. Achola ndiye aliyefika wa kwanza na ndoo ya maji ya samaki.

Hospitalini walimfunga Jepkemei bandeji mikononi mpaka kwenye viwiko, na machoni pia. Daktari alisema wangoje kabla ya kusema lolote kuhusu macho. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na vikapu. Achola alikuwepo, ameketi mwisho wa kitanda. Reena alikuwa amekuja na chupa ya chai na alisimama kwa sababu viti vilikwisha.

Jepkemei aligeuza uso uliofungwa kuelekea pale alipodhani mama yupo. "Mama. Ile kitu ni mimi niliiweka. Lakini si ulijua?"

"Sikujua."

"Ulikuwa unaingia kila siku. Nilikuuliza. Ukasema stoo iko sawa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asahihishwe. "Wewe unasikia kabaidi ukiwa ng'ambo ya barabara. Nikajua umekubali. Leo nayo, kwani hukusikia?"

Cheptanui aliwatazama Achola na Reena. Wote wawili walikuwa wakimngoja, na kitanda cha pili pia kilikuwa kimenyamaza kusikiliza. Hapo ndipo alipoelewa sura zote zile za miezi miwili, kiti cha Achola, mtandio wa Reena, na yule mwanamke wa mfuko wa karatasi. Hakuna aliyekuwa anamcheka. Hawakuwa wamejua chochote.

"Sisikii," alisema, kwa sauti ya kutosha wodi nzima. "Tangu ile homa ya mwaka juzi. Sisikii harufu ya kitu chochote. Nimekuwa nikiwadanganya."

Achola alishika kichwa. Reena alitafuta pa kuiweka chupa ya chai asipaone.

Cheptanui aliona kitambaa cha macho ya Jepkemei kikiloa pembeni. Hakujua kama ni machozi au dawa, na hakuthubutu kuuliza. Alifungua mkoba wake. Ndugu yake alikuwa amemtumia ngowe kutoka nyumbani bondeni, za mti wa mama yao, akazibeba kwa kuwa hakujua mtu hubeba nini kwenda kumwona mtoto aliyemuunguza.

"Umekuja na embe," Jepkemei alisema.

"Ndiyo. Ya nyumbani."

"Imeiva?"

Cheptanui aliigeuza mkononi. Ilikuwa manjano upande mmoja, kijani mgongoni. Kidole gumba kiliinuka chenyewe kwenda kubonyeza, akakizuia. Aliinama juu ya kitanda, akakisogeza kikonyo mpaka chini ya pua ya binti yake, mahali ambapo hapakufungwa.

"Nusa," alisema. "Halafu uniambie."